Herufi za Arredondo

Saa nne usiku. Tumefungwa sita kwa tano,
jezi zinazunguka mashineni kama watu wanaotafuta mlango.
Udongo ni ule ule. Nimeufua miaka ishirini na sita
na bado sijaona udongo wa milioni
ukidai sabuni tofauti na ule wa kima cha chini.

Chumba changu kiko chini ya ngazi za jukwaa.
Nje, Ziwa Erie linapumua baridi hata mwezi wa Julai.
Nina cherehani, kifumulio chenye mpini mwekundu,
na kopo la biskuti la marehemu Zygmunt, mume wangu,
mnamolala herufi za waliokwisha kuondoka.

Matajiri wa pwani ya mashariki hawana kopo.
Bwana Pruett wa hesabu aliniambia, akitafuna tufaha,
kwamba mishahara yao ya mwaka mmoja
ingetulipa sisi sote, toka mrushaji hadi mkata nyasi,
miaka mitano, na chenji ibaki.
Mlinzi wao wa besi ya tatu, peke yake,
anawazidi wachezaji wetu kumi na wanane.
Sikumwuliza kumi na wanane gani.
Nawajua wote kwa vipimo vya viuno.

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.
Sisi tuna kijiko,
na meneja anayejua supu.

Obermeyer huyo hununua vilivyotupwa:
mdakaji mwenye goti linalolia kama bawaba,
mrushaji wa kushoto, miaka thelathini na tisa,
aliyeachwa na klabu nne na wake wawili,
mpigaji asiyepiga mbali, ila ana subira ya mdai:
anasimama tu, anaitazama mipira mibaya ikipita,
hadi wampe besi ya kwanza bure.
Bure nayo ni sarafu, husema Obermeyer,
na miwani yake inateleza puani.

Halafu Wilkin Arredondo.
Alikuja toka San Pedro de Macorís, mbavu zinahesabika;
suruali nilimpunguzia inchi tatu.
Nikamshonea herufi tisa usiku mmoja,
R mbili, D mbili, O mbili,
nikajichoma kidole kwenye N.
Kocha akamfundisha miguu,
mimi nikamfundisha Kiingereza cha dukani,
yeye akanifundisha kumenya ndizi mbichi bila kujikata.
Kati ya besi ya pili na ya tatu
mpira ulikuwa haupiti. Haupiti kabisa.

Mwaka wa nne akawa mkubwa kuliko mshahara wake.
Tarehe thelathini Julai simu ikalia.
Walimchukua kwa vijana watatu tusiowajua.
Alishuka kuniaga, akasimama mlangoni
kama mtu aliyesahau alichofuata.
Jezi ilibaki. Jezi ni mali ya klabu.

Nilifumua polepole. Uzi ukikatwa
hutoa sauti ndogo, kama mtu anayemeza mate.

Mmoja wa wale watatu ni Doren, mtoto wa Nebraska,
masikio yameiva kwa jua.
D, O, R, E, N: zote zilikuwa pale mezani,
sikulifungua hata kopo.
Zikabaki nne: A, R, D, O.
Yamileth wa jikoni akazisoma akipita na sufuria.
Kwetu, akasema, hilo ni neno.
Maana yake: ninaungua.

Ukiinua jezi ya Doren mbele ya taa
matundu ya sindano ya zamani bado yanaonekana,
jina refu chini ya jina fupi.
Mtoto hajui. Au anajua,
maana wiki mbili nzima jezi yake ilirudi safi,
na jezi safi, huku chini, ni habari mbaya.

Jana usiku niliipata chini ya rundo,
magoti meusi, kifua kimeburuzwa hadi nyumbani.
Tumefungwa tena, nasikia.
Niliitia sabuni kwa mkono, peke yake,
sikuwa na haraka.